Mvukaji wa Mia Tatu

Kazi ya Kanze ukiisikia utacheka: kukalia kreti ya soda kando ya barabara kule Makupa na kuhesabu watu. Anayevuka, alama. Nne zimesimama, ya tano yazikata mshazari, fungu limetimia. Lakini usimcheke. Mwaka ule wa tisini na nne wenye vyeti vyao walikuwa wakizunguka mjini na bahasha kwapani, na kibarua chake katika ofisi ya mipango, cha miezi mitatu mitatu, ndicho kilichomlisha yeye na mamake.

Sharti lenyewe lilikuwa jepesi. Bwana mmoja, Jamaldin, alitaka kujenga bohari ya makontena pale pale barabarani. Akaambiwa na ofisi ile ukuta wake usogee nyuma, uiachie barabara nafasi yake. Na wanaovuka kati ya saa moja na saa mbili asubuhi wakifika mia tatu, basi daraja la waenda kwa miguu atalijenga yeye kwa gharama yake, kwani malori yatakayozidi ni yake. Haki tupu, kama mnavyoona. Wakipungua mia tatu, hata kwa mmoja, hadaiwi daraja.

Mamake Kanze, Mejumaa, alivuka hapo kila siku na beseni la mahamri kichwani, kuwapelekea mafundi wa gereji ng'ambo. Asubuhi ya hesabu alimkuta bintiye na penseli mkononi.

"Wanihesabu na miye, Kanze?"

"Nahesabu kila mtu, mama. Ndiyo kazi."

"Watu hawahesabiwi." Kwao Kaloleni, mama akiulizwa ana watoto wangapi hujibu, "Wapo, Mungu awaweka," na mambo yakaisha hapo. "Haya, umeshanitia hesabuni. Niache huko huko."

Akavuka. Kanze akamchora mshazari, na saa ikawa mbili kamili. Mafungu sitini. Mia tatu, si zaidi si pungufu.

Nicanor, mkubwa wake wa kazi, mtu wa bara mwenye sauti ya upole, aliipokea karatasi. "Dada Kanze, kweli daraja zima lijengwe kwa sababu ya alama moja? Barua yako ya ajira ya kudumu iko mezani kwangu. Hebu irudie hesabu, pengine jicho lilikosea."

Kanze alijua alama ya mwisho ni ya nani. Siwadanganyi kwamba hakujua. Alijiambia kuwa hiyo ni penseli tu, akachukua raba na kuufuta ule mshazari.

Adhuhuri Mejumaa alirudi nyumbani na beseni limejaa. "Leo hakuna aliyenunua. Nimewaita, nimewagusa mabega, hawakugeuka."

Alasiri jirani yao Tumu akapiga hodi, akaingia, akamsalimu Kanze na kumuuliza hali, kisha akaketi mkekani, nusura amkalie Mejumaa mapajani. "Na mamako yuko wapi leo?" akauliza. Mejumaa alicheka, akidhani ni utani. Tumu akangoja jibu huku macho yake yakipita juu ya kichwa cha mwenziwe, na Mejumaa akaacha kucheka.

Usiku ule Kanze hakulala. Kulipokucha alikimbilia ofisini, akaitoa karatasi na kuurudisha mshazari mbele ya Nicanor. Nicanor akahesabu kwa kidole. "Mia mbili tisini na tisa," akasema. Kanze akachora mwingine, na mwingine, mpaka penseli ikatoboa karatasi. Nicanor akahesabu tena, bila hila yoyote usoni. "Mia mbili tisini na tisa. Dada, waumwa? Na hata hivyo, kibali kimeshapigwa muhuri."

Mchuma janga hula na wa kwao, na hapa mla wa kwanza alikuwa ni wa kwao. Kanze alikwenda mbio hadi Makupa. Mamake alikuwa ameshaingia barabarani, na lori linamjia bila kupunguza mwendo, bila hata honi. Kanze akajitupa mbele, mikono ameitandaza. Breki zikalia. Akamkamata mama mkono na kumvusha.

Tangu siku ile akawa anamvusha hivyo kila asubuhi. Mejumaa hakukubali kukaa nyumbani. Alisema akikaa ndani ndipo atakapokwisha kabisa. Bohari ikajengwa, malori yakaongezeka, na barua ya ajira ikafika. Kanze hakuifungua.

Asubuhi moja yenye manyunyu alisimamisha lori kama kawaida. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"We dada! Wamzuilia nani? Si u peke yako?"

Kanze akageuka ili amwoneshe. Vidole vyake vilikuwa vimefumbwa, vimeshika kitu chenye joto. Kando yake hapakuwa na mtu.

"Mama?"

Mkono ukambana kidogo.

Akaanza kutembea, polepole, kwa mwendo wa mamake, mtu mzima wa magoti mabovu, honi zikimlilia kila upande. Akafika ng'ambo, akasimama. Nyuma yake lori likaanza kunguruma. Hakujua kama mama naye ameshatoka barabarani, na aliogopa kumwachilia.