Mablanketi ya Mgeni Rasmi

Blanketi la thelathini na nane lilikosa tumbo. Sehemu ya juu ilikuwa tayari, vipande vya kila rangi vimeungwa kimoja kimoja. Bitana ya chini imekatwa na kunyooshwa. Ila pamba ya kutia katikati ilikuwa imekwisha, na mwenye duka la pamba alishasema asimwone tena mpaka alipe.

Bibi Vipande alikuwa sakafuni, miguu kainyoosha mbele. Akatembeza macho chumbani. Mablanketi thelathini na saba yalipangwa ukutani ndani ya mifuko ya nailoni, yanakaribia dari. Kulikuwa na cherehani, jiko, ndoo mbili na kitanda kimoja. Juu ya kitanda palikuwa na blanketi lao wenyewe, la kijivu, zito, lililojaa pamba, ambalo marehemu mumewe alilinunua mwaka alioajiriwa reli.

Alilivuta, akaligeuza, akautafuta mshono wa pembeni kwa ncha ya mkasi.

"Mama, hilo ndilo tunalojifunika," binti yake alisema. Alikuwa kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, mtoto mgongoni.

"Nalijua. Nimelifua miaka ishirini."

"Na Kifungo?"

"Ni siku sita tu, mwanangu. Linatosha tumbo la mawili. La mwisho tutalitia fulana kuukuu. Ijumaa tukilipwa nakununulia jipya, lenye simba."

"Simba hampashi mtu joto," binti alisema. Walicheka wote wawili, kidogo, kisha mama akaanza kufumua.

Kifungo alikuwa na miaka miwili. Aliitwa hivyo kwa sababu siku aliyozaliwa mkunga alimtazama akasema huyu si mtoto, ni kifungo cha shati. Tangu hapo alikuwa amekula, amekua, lakini si sana.

Kazi hii Bibi Vipande aliianza kwa ufagio. Mumewe alipofariki, yeye alianza kufagia sakafu za mafundi cherehani wa barabara ya juu, na ujira wake ulikuwa takataka zenyewe: mabaki ya vitambaa, mengine mapana kama kiganja, mengine membamba kama ulimi. Majirani walimcheka kwamba anashona jalala. Akashona. Akatoa blanketi la kwanza, akalianika kambani, na jirani aliyecheka zaidi ya wote ndiye aliyelinunua, binti yake alipojifungua. Tangu hapo yalitoka moja, pengine mawili kwa mwezi. Sabuni ilipatikana, na unga, na siku nyingine hata nyama.

Kisha akaja Mratibu, mtu wa ofisi ya Mheshimiwa. Kijana nadhifu, viatu vinang'aa, karatasi kwapani. Alisimama mbele ya kamba ya nguo akashika pindo la blanketi kama anayeshika kitu cha thamani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba."

"Hii kazi unafanya mwenyewe? Kwa mikono hii? Bibi, wewe ni hazina. Mheshimiwa anataka arobaini. Wodi ya watoto, hospitali kuu."

Arobaini! Aliuliza kuhusu malipo, kwa aibu, akitazama chini. Mratibu akamwambia siku ya shughuli, mkononi, mbele ya watu. Baada ya hapo oda zitakuja hadi azikimbie. Sharti ni moja: yawe mapya. Asiyalalie mtu.

Na hakutania. Kila Jumamosi alikuja, akachomoa moja katikati ya rundo, akalipeleka puani. "Nikisikia jasho la mtu hapa, Bibi, au moshi wa jiko, nayakataa yote. Unanielewa?"

Alimwelewa. Kwa hiyo, baada ya lile la kijivu kufumuliwa, watu watatu walilala chini ya shuka moja, wamejikunyata kama kuku walionyeshewa, na pembeni yao mablanketi mapya yamejaa hadi juu. Upepo ulikuwa ukishuka mlimani na kupenya chini ya mlango. Jumatatu Kifungo alianza kukohoa. Jumanne alikataa kula. Binti alinyoosha mkono kwenye rundo, akashika nailoni, akamtazama mama yake.

"Moja tu, mama. Tutalifua."

"Likifuliwa linajulikana. Atalinusa." Aliivua kanga yake mwenyewe akamfunika mtoto, akabaki na gauni. "Tumebakiwa na siku tatu. Jikaze."

Jumatano alfajiri mbavu za mtoto zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Wakamkimbiza hospitali kuu.

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda ishirini na watoto arobaini. Dirisha la mwisho halikuwa na kioo. Lilizibwa kwa kadibodi, na kadibodi yenyewe ilikuwa imelowa. Sista wa zamu, mwanamke mnene mwenye macho ya kukosa usingizi, alimchoma Kifungo sindano, akamlaza kitanda cha tisa, miguu yake ikigusana na miguu ya mtoto mwingine.

"Ni nimonia," alisema. "Dawa ipo leo. Cha muhimu apate joto."

"Mnatoa mablanketi, sista?"

"Tunaambiwa yanakuja Ijumaa."

Bibi Vipande akaikaza kanga miguuni pa mtoto. Hakusema ni nani aliyeyashona.

Mchana wa siku hiyo hiyo gari la ofisi liliyafuata chumbani kwa Bibi Vipande na kuyaleta yote arobaini. Yaliingizwa kwenye stoo ya hospitali, iliyokuwa ukuta mmoja na wodi. Mratibu alisimama mlangoni akiyahesabu. Bibi Vipande alimsubiri amalize, akamsogelea, mikono ameifumbata kifuani.

"Baba, mjukuu wangu yumo humo ndani, kitanda cha tisa. Naomba nimfunike moja. Ijumaa mtalikuta pale pale."

"Bibi, Mheshimiwa atakabidhi nini kama vitu vimeshakabidhiwa?"

"Ni moja tu, baba. Mtoto anatetemeka."

"Pole sana. Lakini ukimpa wa kwako, wale wengine watajisikiaje? Tutakuwa tumetenda haki?" Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto adabu. Kisha akafunga stoo, akatia ufunguo mfukoni, akamshika bega. "Keshokutwa si mbali."

Siku mbili hizo binti alikaa na mtoto ndani ya blauzi yake, ngozi kwa ngozi. Mtoto wa upande wa pili wa kitanda alifariki Alhamisi. Mama yake aliinuka, akakunja kanga yake, akaitazama, akaiacha juu ya miguu ya Kifungo. Hakuaga.

Ijumaa wodi ilinukia dawa ya sakafu. Kadibodi iling'olewa, pakawekwa pazia jipya lenye maua. Kina mama waliambiwa wachane nywele, na wakati wageni wako ndani wasinyonyeshe. Mablanketi yalitandazwa asubuhi, kila mtoto lake, na wodi yote ikawaka rangi kiasi kwamba Sista mwenyewe alisimama mlangoni akashika kiuno, akatabasamu.

Mheshimiwa aliingia na kamera mbele, kamera nyuma. Alishika pindo la blanketi la kitanda cha kwanza, akalivuta mpaka kwenye kidevu cha mtoto, akangoja, akalivuta tena kwa sababu mpiga picha alikuwa hajawa tayari. Akasema, hakuna mtoto atakayelala na baridi yeye akiwa hai. Watu wakapiga makofi. Akavishukuru vikundi vya akina mama wajasiriamali. Bibi Vipande alikuwa mwisho kabisa, karibu na ndoo za kupigia deki, na alipogeuka kutazama vikundi hivyo aliona ukuta.

Lakini hakujali. Macho yake yalikuwa kitanda cha tisa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu Kifungo alikuwa ameacha kutetemeka. Alilala chali, mdomo wazi, jasho dogo limemtoka puani. Sista alipita, akamgusa shingo, akamwambia binti, "Ameanza kurudi huyu. Akiamka mpe uji." Binti alikuwa na kikombe tayari mkononi.

Magari yaliondoka yakipiga honi. Mratibu akabaki, pamoja na wapagazi wawili na magunia.

"Haya, tukusanye," alisema.

Hakuna aliyemwelewa. Mpagazi mmoja akashika blanketi la kitanda cha kwanza, akalivuta. Mtoto akaanza kulia.

"Wewe! Unafanya nini?" mama yake akasema.

"Mama, tulia. Jumatatu Mheshimiwa yuko hospitali nyingine, na huko nako kuna watoto. Au wale si watoto?" Mratibu akageuza kichwa akitafuta mtu, akamwona. "Bibi! Njoo utusaidie kukunja. Wewe ndiye unayejua yanavyokunjwa. Hawa wataniharibia."

Bibi Vipande alifika akiwa hazisikii nyayo zake. "Baba, ulisema ni ya wodi."

"Ni ya mradi."

"Na malipo yangu?"

"Ziara ikiisha. Ofisi inalipa mablanketi arobaini yaliyorudi salama. Ndivyo fomu inavyosema. Moja likipotea, hakuna hundi."

"Hospitali zimebaki ngapi?"

"Kumi."

Sista alikuwa ameinamia daftari lake. Hakuinua uso.

Bibi Vipande akafikiria mwenye duka la pamba, kodi ya chumba, dawa ambayo Sista alisema ipo leo bila kusema kesho. Akakunja la kwanza. Akakunja la pili. Mikono yake ilijua kazi, ikaifanya bila yeye. Watoto waliofunuliwa walijikunja mmoja baada ya mwingine, na kina mama walimtazama yeye, si Mratibu.

Kitanda cha sita, mpagazi alishika pembe akaliachia. "Hili lina mkojo."

Mratibu alikunja pua. "Liache hilo. Litaniharibia mengine. Nitaandika limechakaa."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini wodi nzima ilisikia. Kisha mama wa kitanda cha saba akamimina uji wa mwanawe juu ya blanketi, kikombe kizima, akitazama mbele. Wa kitanda cha nane akafanya vivyo hivyo. Uji ulikuwa mmoja kwa siku.

Binti alikuwa bado amekishika kikombe. Kifungo alikuwa amefumbua macho, ananyoosha mkono kukifuata, anasema, "Uji." Siku nne hakuwa amesema neno. Binti akamwangalia, akakiinamisha kikombe, ukamwagika wote kifuani pa blanketi, mweupe, unafuka mvuke. Mtoto akapiga yowe.

"Ahaa," Mratibu alisema. Hakukasirika. Alionekana amechoka. "Basi tumeelewana. Bibi, haya matatu ya uji utayafua, bomba liko nje. Nitasubiri. Arobaini kasoro moja lile la mkojo, na hilo nimekusamehe mimi."

Bibi Vipande alishika pindo la blanketi la kitanda cha tisa. Binti akashika pindo la upande wa pili. Kati yao mtoto alikuwa analamba uji kwenye vipande vya kitambaa, kimoja baada ya kingine, huku analia.

"Achia, mwanangu. Tutakula nini?"

"Achia wewe, mama."

Walivuta. Wote wawili walikuwa na mikono ya watu walioshona miezi sita, na mshono haukufumuka. Mratibu alichukua gunia mwenyewe, akalifungua mdomo kwa mikono miwili, akasimama miguuni pa kitanda.