Patron Amesema Mikono Tatu

Mwaka ule wa 1958 korali ya mtaa wa Birere iliimba Pasaka nzima imevaa mashati ya mikono mitatu, na hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wamezoea. Sauti ya kwanza waliufunga mkono wa tatu shingoni, sauti ya pili walitia humo vitabu vya nyimbo, na muzee Habarurema, mwimba besi, aliweka ndizi yake ya baada ya ibada.

Kwa hiyo mkewe, Nyirakamana, alishangaa kumsikia mtu huyo huyo akimkataa mjukuu kwa sababu ya kidole.

Dancille, mke wa mwana wao, alikuwa amezaa mtoto wa kike mwenye vidole sita mkono wa kushoto. Kesho ilikuwa siku ya kumpa jina, na katika nyumba ile jina lilitoka kinywani mwa babu.

"Kwetu vidole ni tano," alisema Habarurema, shati la korali mwilini. "Huyu mutoto hakutoka kwetu. Jina sitamupa."

Dancille aliufunika ule mkono mdogo, polepole, kama mtu afunikaye maziwa.

Nyirakamana akamwita Hilaire, muuguzi wa dispansari, ambaye siku zote alipasha viganja moto kabla ya kugusa watoto.

"Papa," alisema Hilaire, "daktari ametuletea habari mupya toka Ulaya. Mwili ni vyumba vidogo sana, vingi kupita muchanga wa ziwa. Ndani ya kila chumba kuna patron."

"Bwana mkubwa? Muzungu?"

"Hapana, papa. Patron ya karatasi, kama ile fundi wa nguo anafuata akikata kitambaa. Yenyewe haitoki. Inatoka kopi yake, inaenda kwa mafundi, nao wanaunga vipande kimoja kimoja, wanapata protini. Nyama, damu, ukucha, ni kazi yao. Sasa chumba kikijigawa viwili, patron yote inachorwa upya. Hapo alama inaweza kuteleza. Mafundi hawajui, wanashona tu."

"Na nani aliiruhusu iteleze?"

"Hakuna mutu, papa. Inateleza."

"Patron hakosei," alisema Habarurema.

Nyirakamana akamgusa bega. "Na shati yako, muzee?"

Habari ya shati ilijulikana mji mzima. Fundi Ntirenganya alipofungua karakana ya pili kijijini Kibati, mdogo wake Kamate alikwenda kuinakili patron ya shati. Kuku akapita juu ya karatasi. Kamate akamfukuza, akasahau alipofika, akauchora tena mkono uleule. Tangu hapo kila shati la Kibati, hata la korali, lilitoka na mitatu. Wateja wakilalamika, Kamate alijibu kwa heshima: "Patron amesema mikono tatu. Mimi ni nani?"

"Hiyo shati hukusema si ya korali," Nyirakamana aliendelea. "Ni kuku alipita, muzee. Na kwa mutoto ni vile vile."

Habarurema aliutazama mkono wa tatu wa shati lake. Akatoa ndizi, akampa Dancille. Kisha akamchukua mtoto na kumwingiza humo, miguu kwanza. Alienea mpaka kwapani, kana kwamba alipimwa. Vidole sita vikashika kifungo.

"Ni Nyiramahirwe," alisema, "mwenye bahati."

"Jina ni kesho, muzee."

"Basi lisahauni mpaka kesho."

Lakini babu hakumtoa mtoto katika mkono wa shati.