Siku Nne Ndooni

Mwalimu Mkuu alikuwa mama aliyestaafu miaka sita iliyopita, lakini hakuna aliyethubutu kumwita jina jingine, hata mwanawe wa pekee alipokuwa na hasira. Shuleni aliondoka na vitu viwili: kengele ya mkono, ambayo aliipiga chakula kikiwa tayari, na samaki aitwaye Afande.

Afande alikuwa kikande, samaki wa maji chumvi mwenye meno ya kukatia waya na roho ya kwa nini. Tangi lake la kioo lilichukua ukuta mzima wa sebule, na aliishi humo peke yake kwa sababu wenzake wote aliwatafuna. Konokono wanne walikwisha kwa wiki moja. Kaa mmoja, aliyeuzwa kwa sifa ya ubabe, hakuifikia hata chai ya saa nne. Kipimajoto nacho kilivunjwa, ingawa hakikuwa kimemkosea mtu. Mwalimu Mkuu akiingiza mkono kusafisha kioo, Afande humng'ata kidole. Akikemewa, hupanda juu na kumtemea maji usoni. Mwenyewe husema samaki wake ana msimamo.

Nyumba nzima ilikuwa na msimamo. Kochi la kijani lilikuwa la Mwalimu Mkuu, msumari wa kwanza mlangoni ulikuwa wa mwavuli wake, na birika lake halikuguswa na mkono wa mgeni. Mchumba wa kwanza wa mwanawe, muuguzi mpole, alikalia kochi la kijani na hakurudi tena hata kuchukua mkoba wake. Wa pili aliosha birika.

Kijana akapata akili. Wa tatu hakumleta kuonyeshwa, alimleta wameshaoana. Alikuwa fundi wa lifti, mwanamke wa maneno machache, na aliingia na sanduku moja, begi la spana, na ndoo yenye bunju, samaki mnene mwenye macho ya mshangao ambaye akiogopa hujaza maji tumboni mpaka anakuwa mpira. Ndoo ikawekwa koridoni na pampu yake ndogo, kwa muda.

Muda huo ulikuwa mrefu kwa kila mtu. Mwalimu Mkuu alisahihisha jinsi fundi alivyokata vitunguu, alivyofunga milango na alivyopiga chafya. Fundi alianza tu kula chakula chake amesimama jikoni, na Jumapili akawa anakwenda kukagua lifti ambazo hakuna aliyemwita kuzikagua.

Ndipo mwana akaja na maboksi matano, bado yamekunjwa, akayaegemeza nyuma ya mlango. Alisema kampuni imempa nyumba karibu na kiwanda. Mwisho wa mwezi, ikiwa mkewe bado anakula wima, watahama. Aliyasema hayo kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha mama yake.

Kwa kweli Mwalimu Mkuu aliogopa. Wakiondoka angebaki na Afande, ambaye kwa miaka sita amelishwa na mkono uleule na bado anaung'ata. Lakini kumwambia mtu "msiende" hakujua kunaanzia wapi. Alichojua ni kufundisha. Basi Jumamosi akamwita fundi mbele ya tangi na kumwambia alete bunju wake.

"Kikande si katili," alisema, mikono nyuma kama yuko ubaoni. "Anadhani kila jiwe ni lake. Kwa hiyo unamtoa yeye, si mgeni. Mweke ndooni siku nne, zikipungua, anakumbuka. Hamisha mawe yote, lisibaki hata moja mahali pake. Mgeni aingie kwanza, azoee. Kisha unamrudisha mkubwa, taa zimezimwa, na unamlisha papo hapo kabla hajaanza kufikiri. Ataingia akidhani mgeni ni yeye."

Fundi aliyaandika yote katika kijitabu chake cha kazi. "Na akigundua?" aliuliza.

"Hagundui. Mwenye kiburi hana muda wa kuchunguza."

Walifanya hivyo, na ikawa. Afande alirudi gizani, akatafuta pango lake asilione, akaguna, akapewa kamba wawili, akala. Bunju alijivimbisha mara moja kwa tahadhari, kisha akanywea, na hakuna aliyeng'atwa. Wanawake wawili walicheka pamoja kwa mara ya kwanza. Dakika tano baadaye fundi akatundika koti lake kwenye msumari wa kwanza, na kicheko kikaishia hapo.

Jumatano iliyofuata dada yake Mwalimu Mkuu akapiga simu kumsihi aende kumtembelea. Dada huyo hakuwa amemsihi chochote tangu walipokuwa wasichana, lakini Mwalimu Mkuu aliona ni heshima iliyochelewa tu. Akapakia kengele yake, akaenda, akakaa siku nne.

Alirudi Jumapili alasiri. Sebule ilikuwa giza, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Alipiga hatua mbili, goti likagonga meza mahali ambapo hapakuwahi kuwa na meza. Alipapasa msumari wa mwavuli, mkono ukashika ukuta mtupu. Hapo neno likamtoka lenyewe, ndani ya nyumba yake.

"Hodi."

"Karibu, mama," sauti ya fundi ikajibu, na sahani ya viazi vya moto ikawekwa mikononi mwake kabla hajatua begi.

Akatafuna. Kiazi cha kwanza kilikuwa kitamu. Katikati ya cha pili, taya zikasimama. Macho yalikuwa yameanza kuzoea giza: kochi la kijani liko dirishani, kabati limehamia ukuta wa pili, viti vimegeuzwa vyote.

"Mmenihamishia mawe," alisema.

Mwana akatazama vidole vya miguu yake. Fundi hakuinamisha uso. "Ulisema siku nne, mama. Zikipungua, anakumbuka."

Hasira ikampanda Mwalimu Mkuu kuanzia magotini. Alishazoea kufukuza watu kwa makosa madogo kuliko haya, na kengele ilikuwa ndani ya begi, karibu. Akainama kuitafuta, na alipoinama akaona chini ya miguu ya kabati. Kulikuwa na vipande vya boksi, vimekatwa kwa kisu, ili kabati liteleze bila kukwaruza sakafu. Chini ya kochi vilikuwepo pia, na chini ya meza. Akatazama nyuma ya mlango. Hapakuwa na boksi hata moja lililobaki la kuhamia.

Machozi yakamlenga, akamshukuru Mungu kwa lile giza. Tangini Afande aliguna, bunju amelala ubavuni mwake.

"Na mimi nikae wapi?" aliuliza.

"Popote, mama. Bado hakuna mwenye mahali pake."

Akalipita kochi la kijani, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na fundi, akamsogezea sahani.

"Niongezee, mwanangu," alisema. "Haraka, kabla sijaanza kufikiri."