Ncha ya Kojeti

Kwa Ramadhani kumi na moja Kamene ndiye aliyekuwa ulimi wangu, na nilimpoteza kwa sababu ya kipande cha kojeti kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Watu wa Witeithie wakikueleza vingine, usiwasikilize. Mimi nilikuwepo.

Hoteli yetu iko kando ya barabara pale Witeithie, meza sita na kibaraza. Nasema yetu kwa mazoea. Leseni ina jina la kaka yangu Ibra, anayeuza vipuri vya magari Thika mjini, maana ndiye aliyelipa kodi ya mwanzo nilipofiwa na mume nikabaki na mwanangu Rayan. Jasho lilikuwa langu na la Kamene, Mkamba wa Ngoliba aliyehamia Kiganjo, mama yake Mutinda, mtu wa kwaya ya kanisa na wa maneno machache.

Mwezi wa Ramadhani tulipika futari kuanzia saa nane mchana. Sheria inamruhusu mpishi aliyefunga aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme. Lakini marehemu mama yangu hakuonja maisha yake yote, akisema saumu ya mpishi ndiyo yenye uzito, nami nikarithi majivuno hayo pamoja na mwiko wake wa kukorogea. Kwa hiyo nilikoroga, kisha nikaita, "Mama Mutinda, njoo uniambie." Aliteka kidogo kiganjani, akageukia ukuta ili nisimwone akimeza, halafu: "Chumvi. Ndimu bado." Sikuwahi kumwuliza mara mbili.

Kojeti, vile viboga virefu vya kijani, zililetwa na yeye. Ndugu yake Mulei alizilima kule Ngoliba za kupelekwa ng'ambo, mnunuzi akaacha kuja, akabaki na shamba zima la mboga ambayo majirani zake waliiona kama tango lililokataa chumvi. "Haya ni maji yamevaa ngozi," nilimwambia Kamene. Alizikata nyembamba, akazikaanga na vitunguu kwenye moto mkali bila kufunika, akaepua kabla hazijalegea, akatupia dania. Mafundi wa gereji ya jirani walifuta sufuria kwa chapati. Baadaye tukawa tunazikuna na kuzikanda ndani ya unga wa chapati, zikae laini mpaka jioni. Tulizichanganya na ndengu, tulizipika na nyama ya kusaga, na kwa wazee wenye ugonjwa wa sukari tuliziunga kwa nazi badala ya viazi. Gachau, fundi wa breki, akawa haagizi tena sukuma wiki.

Kamene alikuwa na tabia moja. Kila kojeti, kabla ya kuikatakata, alikata ncha ya upande wa kikonyo, akaitia mdomoni, akaitafuna kidogo. Mara moja moja aliitupa kojeti nzima kwenye ndoo ya maganda. Niliona ni uroho mdogo na uharibifu mdogo, nikanyamaza. Nani hana lake.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumatatu ya wiki ya pili ya mfungo, saa kumi, wakati ambao kiu humfanya mtu achukie hata sauti ya kijiko. Ibra aliingia jikoni kuniambia kwamba Alhamisi angeleta wageni, Zuhair wa Ruiru na mama yake. Zuhair alikuwa anaoza binti baada ya Idi na alitafuta mpishi. Akipenda mkono wangu, harusi ni yangu. "Na yule mama yake ana sukari," alisema, "mpikie zile kojeti zako za nazi."

Ndipo akamwona Kamene kwenye ubao wa kukatia, mdomo ukitembea.

"Huyu anakula?" Aliniuliza mimi, kana kwamba Kamene hasikii Kiswahili. "Sisi tumefunga, na yeye anatafuna futari yetu mbele yetu?"

"Naonja," Kamene alisema.

"Unaonja mboga mbichi? Mbichi iko na chumvi gani?"

Kamene aliniangalia mimi. Neno moja tu lingetosha, kwamba huyu ndiye anayenionjea miaka yote hii, mwache. Nilikuwa nalo hapa kooni.

Nikasema, "Nimemwambia mara nyingi aache."

Ulimi hauna mfupa. Sikuwahi kumwambia hata mara moja. Nilimwogopa Ibra na leseni yake, niliitaka harusi ya Ruiru, na nilijua Kamene ni mvumilivu, nikadhani atanivumilia na hilo.

Alifungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya pipa la unga. "Haya, Mama Rayan," akasema. "Saumu yako isiharibike kwa sababu yangu." Akatokea mlango wa nyuma. Kojeti aliyokuwa akiikata ilibaki nusu nzima, nusu vipande.

Alhamisi nilipika peke yangu. Kojeti nilichukua kwenye gunia lile lile la Mulei, nikaosha, nikakata, nikaunga kwa nazi na bizari, harufu ikajaa mpaka gereji. Sikuonja. Adhana ilipolia wageni walikula tende, wakanywa uji, kisha mama yake Zuhair, kikongwe mwenye adabu zake, akapakuliwa bakuli lake la kojeti kabla ya watu wote. Alitia kijiko mdomoni, akasita kidogo. Akaniangalia, akatabasamu, akameza. Akala kingine, na kingine. Ni Zuhair aliyeonja cha kwake na kukitema kwenye leso.

"Dada," akaniuliza polepole, "umetupikia dawa?"

Kikongwe alitapika kabla hawajafika kwenye gari, akalazwa siku tatu. Alikuwa amekula bakuli karibu zima ili asiniaibishe. Mpaka leo nikikumbuka lile tabasamu lake nataka ardhi inimeze.

Ibra alinirudia asubuhi yake. "Ni yule mwanamke," alisema. "Ametuwekea kitu." Kamene hakuwa amekanyaga jikoni kwangu siku tatu. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nikasema, "Sijui." Mchana Gachau akaja kuniuliza kama ni ukweli Mama Mutinda aliweka sumu kwa chakula, maana huko gereji ndiyo stori.

Jioni hiyo, baada ya kufuturu, nilimwaga gunia sakafuni. Nilikata ncha ya kojeti ya kwanza nikaionja: maji. Ya pili: maji. Ya nne iliniuma ulimi kwa uchungu ambao sijawahi kuuonja hata kwenye mwarobaini, nikatema mpaka machozi yakatoka. Katika gunia zima zilikuwa saba. Moja tu inatosha kuharibu sufuria, na kwa macho huwezi kuitenga na nyingine.

Nikampigia simu Mulei. "Ah, hizo," alisema. "Si nilitoa mbegu mwenyewe kwa kojeti zilizozeekea shambani. Na jirani alikuwa amepanda vile vibuyu vidogo vya kupamba nyumba. Maua yakachanganyikana, na uchungu huo una sumu. Lakini Kamene anajua. Alisema nisikwambie, utaacha kununua. Eti yeye ataonja moja moja."

Kwa hiyo naye alinificha, kwa ajili ya ndugu yake. Nilikasirika kwa muda wa chai kuchemka. Kisha nikahesabu misimu miwili ya magunia ya Mulei, na hakuna bakuli hata moja chungu lililowahi kutoka jikoni mwangu. Uchungu wote ulikuwa umeishia kwenye ulimi wake.

Jumamosi asubuhi nilienda Kiganjo. Nilimkuta ameketi nje ya mlango wake, sinia mapajani, akikatakata kojeti za kuchanganya na githeri. Alikata ncha, akaonja, akaendelea. Alinivutia kibao bila kuniambia karibu.

"Nimejua," nikasema. "Mulei ameniambia."

"Hata mimi nilikosa kukwambia ya mbegu," alisema. "Hiyo ni yangu, naikubali."

"Nilidanganya mbele ya Ibra. Sikuwahi kukwambia uache kuonja. Nisamehe, Mama Mutinda. Rudi tufanye kazi."

Kisu chake kiliendelea. "Watu wa kanisa wananiuliza kama ni kweli nilitaka kuua mzee. Mutinda ameulizwa shuleni. Hayo umeniambia, umemwambia Ibra?"

"Nitamwambia."

Alijipangusa mikono, akatoa simu mfukoni, akatafuta namba, akabonyeza na kunipa. Ikaita. Ningeweza kuikata. Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba nitasema.

"Haloo," Ibra akasema. Nyuma yake nilisikia watu wa dukani. "Nani?"

"Ni mimi, Muna."

"Kwani hii ni namba ya nani? Kuna nini?"

Kamene alikuwa amesimama karibu, kichwa chini, akisikiliza. Nikaiona hoteli, leseni ukutani, ada ya shule ya Rayan.

"Hakuna," nikasema. "Nilikuwa nauliza kama mama yake Zuhair ametoka hospitali."

Kamene alinyoosha mkono, akachukua simu yake. Hakunigombeza, na ningelipa chochote anigombeze. Aliketi, akarudisha sinia mapajani. "Uwe unakata upande wa kikonyo," aliniambia. "Huko ndiko uchungu hujulikana haraka. Uonje, uteme. Sio kazi ngumu." Akarudia kisu chake, nami nikaelewa kwamba harudi.

Siku zilizobaki za Ramadhani nilionja mwenyewe. Mwiko wa mama nimeurithi, majivuno yake nimeyatupa kwenye ndoo ya maganda. Siku mbili kabla ya Idi, saa kumi ile ile, Ibra aliingia jikoni akanikuta na ncha ya kojeti mdomoni, taya likitembea. Nilisimama hivyo hivyo nikimtazama. Nilitaka aulize, ili nimjibu yote.

Aliangalia ubao, akaniangalia mimi, akachukua funguo alizosahau mezani.

"Onja tu," alisema akitoka. "Mpishi ameruhusiwa. Hata mtoto wa madrasa anajua."

Nilitema kwenye ndoo. Kisha nikachukua kojeti nyingine nikakata ncha, maana watu wangekuja kufuturu.