Tundu la 1893

Sarafu ilipaa, ikazunguka hewani, ikaangukia matope yaliyoganda katikati ya uwanja. Mimi nilikuwa juu kabisa kwenye ngazi za watazamaji, darubini machoni, na neno lililonitoka si neno la mtunza maktaba kulitoa mbele ya watoto wa shule. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu aligeuka akanitazama vibaya. Angejua! Refa aliyeirusha alikuwa mdogo wangu Stipan, na kile alichokirusha kilikuwa dola ya fedha ya mwaka 1893 yenye herufi S mgongoni, roho ya marehemu baba yetu. Nahodha wa timu ya wageni alikuwa karibu kuikanyaga kwa kiatu cha njumu.

Stipan aliinama akaiokota, akaipangusa kwenye suruali, akaitumbukiza mfukoni pamoja na funguo zake. Kisha akainua uso kuelekea nilikoketi akanipungia mkono. Shetani yule alijua nipo.

Ilikuwa mwaka 1983, hapa Butte, na baba alikuwa na miaka minne kaburini. Nilirudi nyumbani kwa miguu katika baridi ya Montana niliyozaliwa nayo, nikimlaani njia nzima.

Baba yetu, Ante, alifanya kazi nyuma ya kaunta ya baa ya wachimba migodi. Siku zile mji wetu haukuamini noti. Mtu akitoka zamu alitaka dola ya fedha, kitu kizito, ukikiweka mezani kinaitika. Baba aliigeuza kila dola iliyopita mkononi mwake kabla ya kuitia kwenye droo. Aliyoipenda aliibadili kwa dola yake mwenyewe, moja kwa moja, halali. Jumapili baada ya misa alitandaza gazeti juu ya meza, akaniita mimi, siyo Stipan. Stipan alikuwa nje akirarua suruali kwenye mawe ya mgodi. Mimi ndiye niliyeshika kioo cha kukuzia.

“Usikimbilie tarehe, mwanangu,” alinifunza. “Tarehe hudanganya. Mtazame kwanza tai kifuani.”

Nilimtazama yule tai aliyechorwa mgongoni mwa dola. Tai wa zamani alikuwa na kifua kilichotuna, manyoya yakihesabika. Tai wa dola za 1921, zile zilizotolewa kwa mamilioni mpaka zikawa si kitu, kifua chake kilikuwa bapa kama sinia. Nikiwa na miaka kumi na miwili ungeweka dola upande wa pili wa meza nami ningekwambia hii ni 1921, iondoe, tusipoteze muda. Baba alicheka mpaka akakohoa. Hakuna mtu aliyewahi kunifurahia vile tena.

Zote aliziweka katika daftari gumu la buluu lenye matundu ya duara, kila tundu limeandikwa mwaka wake. Tundu moja lilikaa tupu miaka kumi na tisa. Mwaka 1893 kiwanda cha sarafu cha San Francisco, ambacho alama yake ni ile S, kilitoa dola laki moja tu, na nyingi kati ya hizo ziliishia kuyeyushwa kwenye tanuri. Halafu asubuhi moja ya Februari baba aliingia na koti lake limejaa theluji, hakulivua, akanikamata mkono. “Jelka, shika hii.” Alikuwa akilia. Mlevi mmoja alikuwa ameitoa kununulia bia.

Sasa nieleze barua. Baba alipofariki tulikuta ameiandika kwa penseli nyuma ya kalenda, nayo ikasomwa mezani siku ya mazishi, watu wote wakiwa na vipande vya mkate mtamu wenye kokwa za jozi mikononi. Daftari ni la Jelka. Dola ya 1893 ni ya Stipan. Kaeni pamoja, muirudishe mahali pake. Nilifungua daftari pale pale. Mzee alikuwa ameshaitoa dola mwenyewe akampa Stipan, na lile tundu lilinikodolea macho kama jicho la kipofu.

Mimi na Stipan hatukuwa tukipatana sana. Harusini kwake nilikuwa nimesema neno kuhusu mapishi ya mkewe, Noreen, nalo lilifika jikoni kabla ya keki. Lakini siku ile niliona nimetukanwa. Miaka yote ile ya kioo cha kukuzia, halafu moyo wa daftari anapewa huyu!

“Nitainunua,” nilisema mbele ya watu. “Taja bei. Wewe hata hujui ukiitazama utazame wapi.”

Stipan aliitoa ile dola mfukoni. Halafu akaitupa juu, akaidaka, akaitia mfukoni mwa suruali, kwenye funguo. Kling. Nilihisi meno yangu yakisagika.

“Siuzi, dada. Njoo nyumbani Jumapili. Lete daftari, keti, ule chakula cha Noreen, ukisifu. Mimi mwenyewe nitaitia kwenye tundu.”

“Thubutu!” nikasema. “Utaniletea wewe, kwangu, tena imefungwa kwenye kitambaa safi.”

“Mtaka cha mvunguni, dada.”

Watu wakacheka. Hicho kicheko ndicho kilichonila miaka thelathini na miwili.

Butte ni mji mdogo, huwezi kumkwepa mtu. Nilimsikia kanisani akitafuta sadaka, kling. Nilimsikia posta. Alipoanza kuwa refa wa mechi za shule akawa anairusha kila Ijumaa, kichwa au tai, kwenye matope, kwenye theluji, kwenye lami siku moja walipocheza nje ya ukumbi kwa mzaha. Mimi nikanunua darubini. Kila msimu niliiona inazidi kung'aa kwa ule mng'ao mbaya wa kitu kinachosuguliwa, nikawazia nyusi za yule bibi aliyechorwa upande wa kichwa zikifutika, na kila msimu nilimchukia mdogo wangu upya. Niliwaambia watu maktabani kwamba anamuua baba mara ya pili. Nililisema hilo mara nyingi, na nililiamini.

Mara moja tu nilikwenda. Ilikuwa Jumapili ya mwaka 1990, nimelibana daftari kwapani. Nilifika mpaka kwenye ua wao. Dirishani niliona meza imeandaliwa, sahani tano, na wao walikuwa wanne. Ndani mtu akasema kitu, wote wakaangua kicheko. Nikajiambia wananicheka mimi. Nikageuka. Daftari lilikuwa zito, nalo nililibeba hadi nyumbani bila kupumzika.

Stipan alifariki Machi mwaka 2011, moyo, akisafisha theluji mlangoni. Kwenye ukumbi wa maziko jeneza lilikuwa wazi. Noreen alinijia akanishika kiwiko. “Wifi, njoo umwone ndugu yako.”

“Namwona kutoka hapa,” nilisema. Nilikuwa mlangoni. Hatua saba, nane labda.

Baada ya kuzika tulienda kwao kula. Ndiyo, nilienda, na ngoja niseme lote. Nilikuwa na mfuko mkubwa wa kitambaa, na ndani ya mfuko lilikuwemo daftari. Nilimzika mdogo wangu huku nikifikiria tundu langu. Niliketi, nikala nyama iliyookwa ya Noreen, na ilikuwa tamu, Maria Mtakatifu, ilikuwa tamu kuliko ya mama yetu.

Watu walipopungua Noreen aliutazama mfuko. “Umelileta,” alisema. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alikwenda kwenye ndoano ya funguo mlangoni, akarudi na dola, akaiweka kando ya sahani yangu.

Ilikuwa imelika mpaka inateleza. Sikutafuta tarehe. Niliigeuza nikamtazama tai, na hata katika uchakavu ule nilimjua, kama nilivyomjua utotoni ng'ambo ya meza. Kifua bapa.

“Noreen, hii siyo. Hii ni 1921.”

“Najua.”

“Amemrushia nani ile nyingine? Ameipoteza wapi?”

“Hajawahi kuirusha, wifi.” Alikaa kitako mbele yangu. “Aliibadilisha usiku ule ule wa msiba wa baba, hata suti hajavua. Alisema mzee angefufuka amchape. Akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kabatini. Akasema, Jelka atakuja Jumapili, nitampa hii ya uongo, ataiona papo hapo, atanitukana matusi yote, halafu tutacheka.”

Nikauliza, “Jumapili gani?”

“Kila Jumapili. Ile sahani yako ilipasuka mwaka 2002, nikanunua nyingine.”

Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya mfuko. Nasema haya kwa aibu. Nilimuuliza ile yenyewe iko wapi.

Noreen alisimama. “Mfukoni mwa koti alilozikwa nalo, kushoto. Aliniagiza hivyo. Alisema, asipokuja mpaka nife, naenda nayo kwa Baba, nimwonyeshe kwamba niliitunza.” Alianza kukusanya sahani. “Nilikuita uje umwone. Nilikushika mkono.”

Hatua saba. Mimi niliyejigamba mji mzima kwamba najua kutazama, kwa miaka thelathini na miwili sikumkaribia ndugu yangu kiasi cha kuona kilichokuwa mkononi mwake.

Noreen hajanialika tena, wala simlaumu. Daftari lipo kabatini, tundu lake tupu. Ile ya 1921 haina mahali humo, maana tundu la mwaka huo lilijaa kabla sijajua kusoma. Basi natembea nayo mfukoni, pamoja na funguo.

Juzi dukani nilikuwa natafuta chenji, ikaniponyoka, ikabingirika mpaka miguuni kwa binti wa kwenye malipo. Aliiokota akaigeuzageuza kwenye mwanga.

“Bibi, dola ya fedha! Hizi si ndizo zile adimu?”

“Hapana, mwanangu,” nilimwambia. “Hiyo ya kawaida kabisa. Zipo mamilioni.”

Akanirudishia. Nikaitia mfukoni, ikagonga funguo.