Kidole cha Nne

Fomu ya chuo cha muziki ilitakiwa ofisini Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Jumanne alasiri ilikuwa ingali juu ya piano, imejazwa jina, umri na anwani, lakini pale chini palipoandikwa "Vipande utakavyopiga" palikuwa peupe. Mwalimu alikaa upande mmoja wa benchi, mwanafunzi wake upande wa pili, na hawakuwa wakisemezana.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu kwa mwanafunzi huyo kuomba nafasi chuoni. Sheria za chuo zinampa mtu mara tatu tu, baada ya hapo akatafute kazi nyingine duniani. Binti huyu wa dobi alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alianza kuja kwa Mwalimu akiwa na minane, miguu inaning'inia, na tangu hapo hakukosa somo ila wiki aliyougua surua. Asubuhi alipiga pasi dukani kwa mama yake, alasiri akapiga piano. Kwenye pasi hakuwa na mpinzani. Piano ndiyo iliyokuwa ikimtoa roho, maana alikwisha kwenda chuoni mara mbili na mara mbili alirudi akiwa amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

Chuo kinataka vipande viwili, kimoja cha kasi na kimoja cha hiari. Kile cha kasi hakikuwa na mzozo. Mzozo ulikuwa kwenye hiari, ambayo kwa Mwalimu haikuwa hiari hata kidogo. Yeye alitaka kilekile cha miaka yote miwili, walichokibandika jina la Mlima: kurasa kumi na moja, noti zimejaa kama sisimizi kwenye sukari. Mlima ulimwangusha binti mara zote mbili na mahali palepale, ukurasa wa saba, mkono wa kulia unapopanda mbio kwenda juu. Mwalimu akasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Binti akajibu, kwa adabu yote, kwamba mtu akitumbukia shimo moja mara mbili, mara ya tatu hawezi kulilaumu shimo. Hapo ndipo mazungumzo yalipokatika.

Alichokuwa hajakisema Mwalimu, kwa binti wala kwa mtu mwingine, ni kwamba Mlima ulimwangusha na yeye. Alikuwa na miaka kumi na tisa, chuo kilekile, chumba kilekile. Alikuwa akingoja miaka arobaini na minne atokee mtu mmoja kutoka chumbani mwake afike kileleni, na huyu ndiye aliyekuwa amekaribia. Wengine wote walikuwa watoto wa majirani wanaojifunza mpaka miaka kumi na miwili, kisha wanagundua mpira au mapenzi.

Mlango ukagongwa, akaingia dobi. Hilo pekee lilikuwa jambo, kwa sababu mama huyu kwa miaka yote hakuwahi kupanda ngazi zile. Alipomhitaji binti yake aliita kutoka chini, na mtaa mzima ukasikia. Leo alipanda, ananukia sabuni na mvuke, pini tatu zimechomekwa kifuani. Akatoa bahasha akaiweka juu ya fomu. Binti alipoiona alisimama nusu, kisha akakaa tena. Ilikuwa barua ya chuo ya mwaka jana. Mwalimu hakuwa ameiona. Aliambiwa tu kwamba wamesema ajaribu tena.

"Mwalimu, samahani, mimi mambo yenu siyajui," dobi alisema. "Nimeikuta kwenye droo ya vikaratasi vya wateja. Humu wanauliza kama mtoto ana jeraha mkononi. Mimi huyu nilimzaa na vidole kumi. Nilivihesabu mwenyewe."

Mwalimu akavaa miwani akasoma. Wasaili waliandika kwamba mwombaji ana sikio zuri na ana moyo, ila kidole cha nne cha mkono wa kulia hakitumii kabisa, hata pale ambapo hakuna njia nyingine ya kupita. Wakauliza kama aliwahi kuumia.

Mwalimu alicheka. Alianza kusema kwamba wasomi hao wa siku hizi hawajui mtindo, kwamba kidole cha nne ni kivivu kwa asili yake, na mpiga piano mwenye akili hakitumi kazi. Maneno hayo aliwaambia watoto kwa miaka arobaini, na aliyarudia mpaka yeye mwenyewe akayaamini. Lakini macho yake yalikuwa yameshuka kwenye mkono wa binti uliolala gotini. Kidole cha pete, ndicho cha nne, kilikuwa kimeinuka kidogo, kimenyooka peke yake, kama mgeni ambaye hajaambiwa aketi. Mwalimu akauchungulia mkono wake mwenyewe chini ya shali aliyozoea kujitanda. Cha kwake nacho kilikuwa kimeinuka vilevile.

Kicheko kikamkauka. Akawaambia waende, atakuja dukani kesho asubuhi.

Walipotoka alishusha vitabu vyote vya rafuni akavimwaga sakafuni, akapiga magoti akaanza kutafuta. Juu ya noti, kama desturi, Mwalimu alikuwa ameandika kwa penseli namba za vidole, moja gumba mpaka tano kile cha mwisho. Alikuwa akitafuta nne. Nne moja tu ya mkono wa kulia. Alipekua Mlima, akapekua kile cha kasi, akapekua vile vya polepole na vile vya mazoezi. Moja, mbili, tatu, tano. Moja, mbili, tatu, tano. Kumbe hakukuwa na mtindo wowote. Kulikuwa na kifuniko cha piano kilichomwangukia mkononi wiki tatu kabla ya usaili wake, na kidole ambacho hakikukunjika tena, na msichana wa miaka kumi na tisa aliyejiambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaenda kupiga hivyohivyo bila kumwambia mtu. Aliposhindwa alificha mkono chini ya shali, na shali ikawa mazoea. Mficha maradhi, wanasema, kilio humfichua. Wasichosema ni kwamba kilio chenyewe kinaweza kuwa cha mtoto wa mwenzio.

Giza lilipokaribia akafika kwenye kitabu cha mwisho, kitabu chembamba cha watoto chenye picha ya bata. Hicho aliwahi kumpa binti akiwa na miaka minane, akamwachia aandike namba mwenyewe kwa mchezo. Mwalimu akakipeleka dirishani. Juu ya noti palikuwa na namba za tano, kwa mwandiko wake yeye, na chini ya kila tano palikuwa na alama za kitu kilichofutwa kwa raba. Akakiinamisha kitabu kwenye mwanga. Ndizo zile nne. Nne kubwa za kitoto, zimepinda, moja baada ya nyingine, na yeye alizifuta zote. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo alivyokuwa akipenda kuwaambia wazazi. Alikaa pale sakafuni akalia kwa sauti, na hakujali nani anasikia.

Jumatano alikuwa dukani kabla pasi hazijapata moto. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu: meza ya kupokelea mbele, mashati yamening'inia katikati kwenye viango, na nyuma meza mbili za kupigia pasi, mama moja, binti nyingine. Mwalimu alipita katikati ya mashati ya watu, akavua shali, akaweka mkono wake wa kulia juu ya meza ya binti. Akasema yote. Hakujitetea, na alipofika kwenye zile nne zilizofutwa ilibidi aanze sentensi mara mbili.

Binti hakuinua macho. Alimaliza kola ya shati, akamaliza mkono wa kushoto na wa kulia, akalitundika. Mama yake alikuwa ameacha kazi, pasi imesimama wima inatoa mvuke bure.

"Kwa hiyo nimejifunza kuchechemea," binti alisema. "Miaka kumi na minne, kila siku. Na miguu yangu ni mizima."

 Mwalimu alitoa fomu mkobani, akaonyesha mahali alipopagundua baada ya kukesha usiku kucha. Nyuma ya fomu kulikuwa na swali ambalo hawakuwa wamelijibu: je, mwombaji ana jeraha? Anayeandika ndiyo huongezewa mwaka mmoja, juu ya zile mara tatu. Mwaka mmoja ungetosha kukifundisha kidole. Andika ndiyo, mwanangu, alimwomba, dhambi nitaibeba mimi. Dobi alimtazama binti yake. Akavitazama na vile vidole alivyovihesabu mwenyewe.

Binti alichukua fomu akaiweka mbali na mvuke. Akauliza kama kile kitabu cha bata kipo. Mwalimu alikuwa nacho mkobani, hakujua hata kwa nini alikibeba. Binti akakifungua, akapitisha kidole juu ya pale palipofutwa, kisha akaandika kwenye fomu. Kwenye kipande cha hiari aliandika kipande cha bata, ukurasa mmoja na nusu, kinachopigwa na watoto wa darasa la pili.

Mwalimu akamwambia watamcheka.

"Wacheke. Mlima nitaupanda kwa mguu gani?"

Ijumaa dukani palikuwa na mashuka ya hoteli, kwa hiyo fomu aliipeleka Mwalimu. Kwenye foleni ndipo alipoona jibu la lile swali. Binti aliandika: "Hapana. Jeraha ni la mwalimu wangu." Mbele yake walikuwa watu wawili, na kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi pale kaunta. Mstari mmoja tu wa wino ungetosha kuyafunika maneno hayo, jina lake lisizungumzwe kwenye zile korido alizozikimbia akiwa kijana. Karani akanyoosha mkono. Mwalimu akampa fomu kama ilivyo, akasimama mpaka ilipogongwa muhuri.

Wiki tatu zilizofuata simtakii hata adui. Binti alikuja kila alasiri, akasema shikamoo, na baada ya shikamoo hakusema tena ila "ndiyo" na "narudia". Kidole cha nne kilikuwa dhaifu kama cha mtoto mchanga, kinaanguka kabla ya wakati au baada ya wakati, na jioni kiliuma mpaka kwenye kiwiko. Kwenye kipande cha kasi walipata muda wa kurekebisha mahali pawili tu. Pengine pote alichechemea kama alivyofundishwa. Mwalimu hakushika tena penseli. Kila siku alijiambia aombe msamaha upya, na kila siku aliona kwamba msamaha nao ungekuwa mzigo mwingine kwa mtoto wa watu, akanyamaza. Alijichukia, na kula kwake kukawa kwa kujilazimisha.

Siku ya usaili walikaa wanawake wawili kwenye benchi la korido, dobi na Mwalimu, na gauni la binti lilikuwa limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Kipande cha kasi kikatoka kupitia mlangoni. Kilipita, lakini Mwalimu alisikia kila mahali kilipochechemea. Ndani mtu akakohoa. Kisha akaja yule bata.

Binti alikipiga polepole kuliko mtoto yeyote. Tatu, nne, tano. Tatu, nne, tano. Ile nne haikuwa na nguvu sawa na wenzake, lakini ilikuwepo kila mara, imechelewa kidogo, imefika. Mwalimu hakuwahi kuisikia kutoka kwa mkono alioulea yeye. Alimshika dobi mkono bila kujua, na dobi akauacha ushikwe.

Mlango ukafunguliwa, akatoka msaili mmoja mzee, na fomu mkononi. Akauliza mwalimu wa huyu binti ni nani. Mwalimu akasimama. Mzee akaomba kuuona mkono, naye akautoa chini ya shali mbele ya korido nzima. Mzee alikishika kile kidole, akajaribu kukikunja, kikakataa.

"Tutamchukua kwa mwaka mmoja wa majaribio," alisema kwa sauti ya chini, dobi akisikia. "Itabidi aanze upya na wadogo. Na kuna sharti, mama. Asirudi kwako. Hata somo moja, hata kwa kusalimia kwenye piano."

"Sawa," alisema Mwalimu, na alilisema kabla mzee hajafunga mdomo.

Akabaki amesimama, shali mkononi. Binti alitoka dakika mbili baadaye, amelowa jasho, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani kwa maumivu. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatano alimtazama Mwalimu usoni.

"Wamekwambia nini?"

Mwalimu alimfunika shali mabegani, akaifunga vizuri mbele, mikono yake mwenyewe yote miwili ikiwa nje.

"Wamesema una vidole kumi," alisema. "Mengine mama yako atakueleza mkifika nyumbani." Kisha akatangulia kushuka ngazi, kwa sababu saa kumi alikuwa na mtoto wa jirani wa miaka saba, na namba zote za vitabuni bado hazijafutwa.