Marahaba ya Swali Gumu

Swalihu mwenyewe alikiri kwamba jina la jukwaani, Swali Gumu, alijipa siku ambayo hakuna mtu aliyemuuliza. Alikuwa kijana wa Kondoa aliyekuja Dodoma kuuza nguo za mtumba, miaka ile biashara ilipoachiwa huru na kanda za muziki wa kufokafoka zikaanza kuzagaa sokoni. Akasikiliza moja, asielewe hata neno, akaamua hiyo ndiyo kazi aliyoumbiwa.

Miaka minane alichana mistari mtaani kwake, Nkuhungu nzima, bila kushindwa. Ukimbana sana atakueleza ukweli: washindani walikuwa kumi na mmoja tu, wawili kati yao walikuwa na malaria, na mmoja aliitwa na mama yake katikati ya ubeti akachote maji. Lakini ushindi ni ushindi, bwana! Suruali zake zilikuwa pana za kuingia watu wawili. Zile zilizokosa mnunuzi alizivaa yeye, akaziita mtindo.

Kilichomuuma ni kimoja. Miaka yote hiyo sauti yake haikuwahi kuingia kwenye kanda. Sasa alikuwa na miaka thelathini na sita, binti yake Salwa yuko darasa la kwanza, na magoti yanalia kila akiruka. Kwa hiyo aliposikia kwamba Optatus, mtangazaji wa redio kutoka Dar es Salaam, anakuja kusimamia pambano la kutupiana mistari ya kejeli, na mshindi atapelekwa studio kurekodi, alifunga kibanda siku tatu nzima akatunga matusi.

"Nisipoingia studio safari hii," alimwambia mkewe Mwajabu, "nizikeni tu."

"Kwanza fungua kibanda," akasema Mwajabu.

Jumamosi alasiri ukumbi ukafurika. Mpinzani wake alikuwa Stara, binti wa miaka kumi na saba, mtoto wa Mwanne mpika maandazi, nyumba ya tatu kutoka kwake. Swalihu alipomwona na mtandio wake kichwani, karibu acheke. Kila mmoja alipewa dakika moja, na wa kuanza ni Swalihu. Mdundo ukaanza. Akashika kipaza sauti, akavimba, akamnyooshea mtoto wa watu kidole.

Stara akainamisha kichwa. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

Lilimtoka lenyewe, likasikika kwenye spika zote nne. Na ninyi mnajua, salamu zetu hazikatwi njiani.

"Sijambo," akajibu Stara.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na ile miguu yake?"

"Afadhali sasa."

"Mwambie nitapita kumwona."

Mdundo unakwenda, watu wanaangukiana kwa kucheka. Swalihu akazinduka zimebaki sekunde ishirini. Akafungua kinywa amwage ubeti aliokesha nao, ule wa kumwita Stara kifaranga kilichokonda kwa kulishwa maandazi ya mafuta machafu. Ukamkwama kooni. Utamwambiaje hivyo mtoto uliyekwisha kumwitikia marahaba? Si ni kumtukana wa kwako? Akaona bora aseme chochote, ilimradi kina vina:

"Mwanangu soma kwa bidii, dunia ina mambo,
Nyumbani wasalimie, natumai hawajambo."

Hata yeye alijionea huruma.

Ikafika zamu ya Stara. Swalihu akatulia, akitarajia na yeye atamhurumia. Thubutu!

"Shikamoo nimetoa, adabu nimemaliza,
Sasa babu kaa chini, mjukuu nakuliza.
Suruali yako pana, tulidhani turubali,
Chekechea wamejibu, tafuta jingine swali!"

Ukumbi ulilipuka, na Optatus akamtangaza Stara mshindi. Mwajabu mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, na hilo Swalihu hakulisahau upesi. Akatoka nje, akaenda nyuma ya ukumbi, akalia. Aliumia, jamani, si mchezo. Kisha akajicheka kwa jinsi anavyolia ndani ya suruali kubwa vile, halafu akalia tena.

Kesho yake asubuhi Mwanne akapiga hodi.

"Baba Salwa, huyo mwanangu hatoki hapa kwenda Dar es Salaam na mwanamume nisiyemjua. Atakwenda na mzee wake."

"Mzee wake nani?"

"Kwani si wewe? Umemwitikia marahaba mbele ya watu mia tatu, ukamwita mwanangu. Haya, mpeleke huyo mwanao."

Bingwa wa maneno akaenda kutafuta nauli. Akafunga kibanda, akampeleka.

Hivyo ndivyo Swali Gumu alivyoingia studio. Kilikuwa chumba kimoja tu, trei za mayai zimebandikwa ukuta mzima kuzuia mwangwi. Fundi mitambo, ambaye alikuwa na mvi nyingi kumzidi, alimpa kiti cha pembeni na kikombe cha chai.

"Mzee wetu, tunarekodi sasa. Naomba usikohoe."

Swalihu akajibana. Stara akachana, na alichana kweli kweli, mpaka Swalihu akaanza kujivuna naye utadhani alimzaa yeye, huku wivu ukimtafuna palepale. Ule wivu, au ile chai, ukamkereketa kooni. Akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Ubeti wa pili ulipoanza, kikohozi kikamshinda.

Alitamani ardhi ipasuke. Fundi akarudisha kanda nyuma, akasikiliza mara mbili, akatikisa kichwa.

"Tukiache," akasema. "Kimeingia kwenye mdundo."

Wimbo ule ulipigwa redioni mwaka mzima. Ukifika kibandani kwa Swalihu kununua suruali, hutauziwa kwanza. Atakufungulia wimbo, atainua kidole unyamaze, atakusogeza karibu na spika.

"Subiri… subiri kidogo… hapo! Umenisikia?"